Miwani ndani ya helmeti ya rali: mkono wa milimita 1.1 umekata kelele

Kelele imekatika. Wiki tano za kuhangaika na mikono ya miwani zimeisha Jumamosi kwenye njia ya vumbi nje ya Kisongo, karibu na Arusha: spika ya intakomu, ile simu ya ndani ya gari kati ya dereva na msoma ramani, imefunga sikio la msoma ramani sawasawa, na noti, yaani maelezo ya kona na njia anayomsomea dereva, zimesomwa na kujibiwa gari likiwa gia ya nne juu ya changarawe, bila mtu kupiga kelele. Kilichobadilika ni kimoja tu. Mkono wa miwani wa asetati, yaani plastiki ngumu ya fremu, wenye unene wa milimita 4.2 umetoka, umeingia waya wa titani wa milimita 1.1, ulionyooka mwanzo mwisho, usio na kipindo cha nyuma ya sikio.

Helmeti ni ya uso wazi, yenye vikombe vya masikio na maiki ya mbele, kiwango FIA 8859-2015 (FIA ni shirikisho la kimataifa la mbio za magari), na vifungo pembeni vya HANS, kile kifaa cha mabegani kinachozuia kichwa kurushwa mbele. Balaklava, soksi ya kichwa ya kitambaa kinachostahimili moto, ni ya FIA 8856-2018, ya tundu moja kubwa la macho. Zile za matundu mawili tusahau kabisa kwa mtu wa miwani.

Tatizo lenyewe linaelezeka kwa kidole. Vaa kikombe cha sikio, kisha pitisha kalamu ya risasi kati ya sponji yake na kichwa. Pale kalamu ilipo sponji inanyanyuka, na kila upande wa kalamu panabaki mwanya mwembamba wa pembetatu. Mwanya huo ndio unaoharibu kazi. Sauti kali za juu bado zinazuiwa kiasi, lakini muungurumo wa chini wa ekzosi na kishindo cha mawe chini ya sakafu vinapita humo kama hakuna kikombe. Ukiongeza sauti ya intakomu, maiki nayo inabeba muungurumo uleule na kuurudisha kwenye masikio ya dereva. Kwa hiyo miwani ya mtu mmoja inawaziba masikio wawili. Sponji ya kikombe inaweza kuufunika waya wa milimita moja na kujifunga kuuzunguka. Mkono wa milimita nne haiuwezi, hata ikiwa mpya.

Na kuna maumivu. Mkono mnene unakaa juu ya mfupa palepale kikombe kinapobana, dakika ishirini kichwa kinaanza kugonga. Watu wengi wakifika hapo wanachukua helmeti kubwa namba moja zaidi. Hilo ni kosa la hatari na linaniudhi kila ninapoliona. Helmeti inayocheza kichwani wakati wa mazoezi itazunguka au kuvuka nyusi siku gari linapobingirika. Ukubwa unachaguliwa kwa kichwa kitupu chenye balaklava, tepu ikipita juu kidogo ya nyusi. Miwani ndiyo itakayojirekebisha, si helmeti.

Vilevile kisu kisiguse helmeti. Povu gumu la ndani ndilo linalokufa badala ya fuvu, na mfereji uliochongwa ndani yake ni sehemu ambayo haitakufa vizuri. Kanuni za FIA, Kiambatisho L, haziruhusu kubadilisha helmeti nje ya maelekezo ya mtengenezaji na taasisi iliyoithibitisha, na mkaguzi akiona mfereji wa kuchonga ana haki ya kuikataa. Kinachoruhusiwa ni sponji za mashavu za unene mwingine kutoka kwa mtengenezaji wa helmeti ileile. Zile zinavuliwa na kurudishwa, basi.

Sasa majaribio yaliyokufa, maana yalichukua muda mwingi kuliko lililofaulu.

La kwanza, kupiga msasa mkono wa asetati. Ulishuka kutoka 4.2 hadi 2.6, na sauti ikawa nzuri kidogo. Lakini ndani ya mkono wa asetati kuna waya wa kuupa nguvu, na ukishapunguza upande mmoja tu, waya unatokeza na asetati inapasuka karibu na bawaba. Ilipasuka ya kushoto, kisha ya kulia. Asetati si ya kazi hii.

La pili, kukunja mikono kwenye bawaba ili ipande na kupita juu ya kikombe badala ya katikati yake. Kikombe kilifunga vizuri sana. Ila mkono ukipanda nyuma, ukingo wa chini wa lenzi unaingia mashavuni, na sponji za mashavu zinausukuma juu kila gari likidunda. Miwani ikawa inacheza puani kama mlango usiofungwa. Ukirudisha mwinamo wa lenzi kwa kukunja tena mbele ya bawaba, unarudi ulikoanzia.

La tatu lilikuwa na matumaini: kukata mikono ibaki sentimita sita, kutoboa ncha, na kufunga lastiki ya nguo ya milimita 10 inayozunguka nyuma ya kichwa juu ya balaklava. Hakuna kitu chini ya kikombe isipokuwa utepe laini. Limekataliwa kwa sababu tatu. Lastiki inavuta nyuma muda wote, lenzi inakaribia jicho mpaka kope zinaipaka mafuta. Huwezi kuvua miwani bila kuvua helmeti, na wale watakaokutoa garini wanatakiwa kuivua miwani kwanza. Ya tatu ndiyo nzito: lastiki ya kawaida inayeyuka kwenye moto, na hapo itayeyukia juu ya balaklava iliyovaliwa kwa ajili ya moto huohuo.

Jibu lilitoka kwenye swali ambalo lingeulizwa siku ya kwanza: kipindo cha nyuma ya sikio kina kazi gani ndani ya helmeti? Hakina. Kipindo kinazuia miwani kuteleza mbele kichwa kikiwa wazi. Ndani ya helmeti sponji inaushika mkono kwa urefu wake wote, na kipindo kinakuwa ndoano inayokwaruza sikio wakati wa kuvaa na kupinda kila kikombe kinapokibana. Mkono ulionyooka unaingia kama kisu kwenye ala.

Fremu ni ya titani yenye ukingo kamili wa kuzunguka lenzi, ilipatikana kwa fundi wa miwani mjini Moshi kati ya zile za zamani zisizouzika. Zile zisizo na ukingo zinavutia kwa wepesi, lakini skrubu zake za kupenya lenzi zinalegea kwa mtikisiko. Ndani ya mkono yalikuwa yameandikwa 48, 20 na 140, yaani upana wa lenzi, daraja na urefu wa mkono kwa milimita. Hiyo 48 ni muhimu. Fremu pana inagusa kingo za tundu la helmeti, na yenye lenzi ndefu kuelekea chini inakaa juu ya sponji za mashavu. Hii ina kimo cha milimita 33, na bado ni ya kubana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kofia ya plastiki ya ncha ya mkono ilichovywa kwenye maji ya moto dakika mbili, ikavutwa kwa kuizungusha. Waya ulinyooshwa kwa koleo bapa lililofungwa tepu ya kitambaa. Titani inarudi nyuma kama springi, kwa hiyo unaikunja kupita unapotaka, unaiachia, unapima, unarudia. Mara nane kwa mkono mmoja. Kisha ikakatwa kutoka 140 hadi 118, mpaka ncha ikaishia nyuma kidogo ya kikombe. Ncha tupu ya waya haikubaliki kando ya kichwa. Milimita kumi za mwisho zilikunjwa kuwa kitanzi kidogo kilicholala bapa, kikasuguliwa na msasa namba 400. Skrubu za bawaba ni za milimita 1.4, zikafungwa na gundi ya kuzuia skrubu kulegea, ile ya nguvu ndogo, tone moja la ncha ya sindano. Ukitumia ile nyekundu hutaifungua tena.

Asikudanganye mtu kwamba sonara atakuchomelea titani ikikatika. Gesi ya kawaida na solda ya fedha haviishiki, inahitaji leza au gesi ya kuzuia hewa. Fremu za aloi ya nikeli zinachomeleka mtaani bila shida, na kama uko mbali na mji hizo ni chaguo la busara, unene ukiwa chini ya 1.5.

Kuhusu vifaa, vernia ya mkono, kile kipimo cha unene chenye taya mbili, imeishinda ya betri. Ile ya betri inaonyesha namba mbili tofauti kwa waya mmoja betri inapochoka, na milimita 0.3 hapa ni tofauti ya kusikia na kutosikia. Hita ya hewa moto iwekwe mbali na fremu yenye lenzi, inapasua tabaka la kuzuia mng'ao na lenzi inakuwa kama imefunikwa utando wa buibui. Chumvi ya moto kwenye bakuli, wanayotumia mafundi wa zamani, bado ndiyo bora kwa kulainisha plastiki ya fremu.

Ukungu haukusumbua sana kwenye uso wazi. Hata asubuhi za baridi ya Julai hapa Arusha, kwenye mita takriban 1,400, tatizo lilikuwa balaklava iliyopandishwa juu ya pua: pumzi inatoka juu moja kwa moja kwenye lenzi. Ishushwe chini ya pua. Filamu nyembamba ya sabuni ya maji ya vyombo, ipakwe na kufutwa kwa kitambaa laini mpaka isionekane, inatosha asubuhi nzima. Vumbi letu la volkano lisifutwe kavu kamwe, ni msasa mtupu. Maji kwanza, kitambaa baadaye.

Utaratibu wa kuvaa uliobaki: balaklava, helmeti na mkanda wa kidevu, kisha mikono ya miwani inaingizwa kupitia tundu la uso, yote miwili kwa pamoja, ikilala juu ya balaklava na si chini yake. HANS na mikanda ya kiti baadaye.

Hatua iliyofuata kwenye mpango ilikuwa helmeti ya dereva, iliyofungwa uso mzima, ambako ukungu ni vita kamili. Imeahirishwa. Sasa noti zinasikika, kimejitokeza kitu kilichokuwa kimejificha chini ya kelele: msoma ramani anainua kidevu ili asome.

Lenzi zake ni zile zinazobadilika taratibu kutoka mbali kwenda karibu, na eneo la kusomea liko chini kabisa. Sponji za mashavu zinaisukuma fremu juu, lakini zenyewe zinafunika ukingo wa chini wa macho, hivyo sehemu ya kusomea iliyobaki wazi ni ukanda mwembamba. Tena daftari la noti halishikwi sentimita 40 kama gazeti. Likiwa juu ya paja, mtu amefungwa mikanda, tepu inasoma 55. Umbali huo unadai nguvu ya lenzi ya takriban dayopta 1.8, wakati sentimita 40 inadai 2.5. Miwani ya kusomea nyumbani ina nguvu kupita kiasi kwenye kiti cha msoma ramani.

Wazo jipya ni lenzi ya mstari, ile ya zamani ya sehemu mbili, dirisha la chini likiwa na upana wa milimita 35, likipimwa kwa sentimita 55 na mstari ukiinuliwa juu ya kawaida. Kiasi cha kuinua hakipimwi dukani. Alivalishwa kila kitu, akafungwa kitini, daftari pajani, taa ya ramani ikawashwa, na mtu wa pili akachora alama kwenye lenzi za zamani kwa kalamu ya wino mzito pale macho yanapokatiza kwenda kwenye daftari. Alama zimekaa milimita 4 juu ya ukingo wa kope la chini, macho yote mawili. Kipimo cha kawaida kingeziweka kwenye kope lenyewe.

Malighafi ya lenzi ni polikaboneti. Haipasuki vipande vikali kama kioo, na michirizi ya rangi inayoonekana pembeni haisumbui kwa nguvu ndogo kama hizi. Kwa asiyeona mbali mwenye lenzi za hasi sita na kuendelea ningetumia Trivex, plastiki nyingine ya lenzi, inaona safi zaidi pembeni na bado ni ngumu kuvunjika. Mwenye namba kubwa hivyo asiogope sana fremu kusogea: milimita nne kuelekea au kutoka jichoni zinabadilisha nguvu ya hasi sita kwa takriban 0.15 tu.

Alama zimenakiliwa kwenye karatasi, fremu na karatasi ziko kwa fundi Moshi. Lenzi zinakatwa Jumatano.