Klarineti ya B flati, saksafoni ya E flati: jinsi nilivyozoea kuwaandikia nota wapulizaji

Mimi ni mtu wa kinanda. Nikibonyeza C inasikika C, basi. Kisha nikaombwa kuandaa nota za wimbo kwa kikundi chenye klarineti, saksafoni alto, tarumbeta, horni na tromboni. Nilikuwa nimeshasikia kwamba baadhi ya vyombo hivyo husoma nota moja na kutoa sauti nyingine, na kwamba kila mpulizaji hupewa karatasi yenye ufunguo wake, yaani idadi yake ya shapu au flati (alama za kupandisha au kushusha nota). Kusikia ni jambo moja, kuandika karatasi zenyewe ni jingine.

Sikuanza na jedwali. Nilimwomba mpuliza klarineti apulize C ya kwenye karatasi yake, nami nikaitafuta kwa sikio kwenye kinanda. Nikaikuta kwenye B flati. C ya saksafoni alto ikaangukia E flati, ya horni ikaangukia F. Kuanzia hapo sikuhitaji tena kubabaika na majina, kwa sababu jina la chombo ndilo jibu lenyewe: huitwa kwa sauti inayosikika mpulizaji anaposoma C. Klarineti ya B flati ikisoma C hutoa B flati, na klarineti ya A ikisoma C hutoa A. Filimbi na obo husikika kama zilivyoandikwa, kwa hiyo hizo hazina cha kuhesabu.

Ila jina halikuambii kama sauti inapanda au inashuka, wala kwa kiasi gani. Klarineti ndogo ya E flati hupanda nusutoni 3 (nusutoni ni hatua ndogo kabisa kwenye kinanda) juu ya kilichoandikwa, ilhali saksafoni alto, nayo ya E flati, hushuka nusutoni 9. Klarineti ya kawaida hushuka nusutoni 2. Saksafoni tenori ni ya B flati vilevile, lakini hushuka nusutoni 14. Haya niliyakariri, nikisaidiwa na umbo la chombo, maana bomba likiwa refu sauti huwa nzito.

Nilitaka pia kujua kwa nini watu walijipa kazi hii yote. Jibu liko kwenye vidole. Adolphe Sax alipata hataza ya saksafoni nchini Ufaransa mwaka 1846, na aliziunda kama familia nzima, kubwa kwa ndogo. Anayepuliza alto akipewa tenori, nota ileile ya karatasi huibonyeza kwa vidole vilevile. Hesabu yote imeshafanywa na aliyeandika karatasi. Nadhani huo ni mgawanyo wa haki, maana mwandishi ana muda wa kukaa na kuhesabu, mpulizaji hana. Lakini ni desturi tu, si sheria ya maumbile. Wapiga rekoda, ile filimbi ya kupulizwa wima, husoma sauti halisi, na wanaohama kutoka rekoda ya C kwenda ya F hujifunza vidole upya. Tromboni ya kawaida bomba lake ni la B flati, lakini katika okestra nota zake huandikwa kama zinavyosikika.

Klarineti ina sababu yake ya ziada, na hii ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Bomba lake lina upana karibu uleule kuanzia juu hadi chini na huwa kama limezibwa upande wa mdomo, kwa hiyo mpulizaji akifungua kitufe cha kuingia sauti za juu, sauti hairuki oktava moja (hadi nota ya nane) kama kwenye saksafoni. Hupita hapo na kufika nota ya kumi na mbili. Pengo la katikati hujazwa kwa vitufe vya ziada, na klarineti za zamani zilikuwa na vitufe vichache, hivyo ufunguo wenye shapu au flati nyingi ulikuwa taabu. Suluhisho likawa kuwa na klarineti zaidi ya moja. Kipande cha mtunzi Mozart cha klarineti na okestra cha mwaka 1791 kiko katika ufunguo wa A kubwa (A meja), yaani shapu 3. Aliyeshika klarineti ya A hukiona mbele yake kama C kubwa, bila shapu hata moja. Mpaka leo wapulizaji wa okestra hubeba zote mbili, ya B flati na ya A, na wengi huhamisha kipande kilekile cha kupulizia kutoka moja hadi nyingine.

Kwenye kuandika, njia yangu ya funguo ni kuongeza shapu: vyombo vya B flati shapu 2, vya E flati 3, vya F 1, na flati moja huliwa na shapu moja. Wimbo ukiwa F kubwa, wenye flati 1, klarineti na tarumbeta za B flati husoma G kubwa, alto husoma D kubwa, na horni husoma C kubwa. Kwa klarineti ya A nafanya kinyume, naondoa shapu 3. Wimbo wa E kubwa ungempa mwenye klarineti ya B flati shapu 6. Kwa ya A ni shapu 1 tu. Hapo uchaguzi hauna mjadala.

Programu za kuandikia nota hufanya haya kwa kitufe kimoja, nami nazitumia. Lakini kichwa bado kinahitajika mazoezini. Ukisema "toeni B flati" bila kueleza, kila mtu atapuliza B flati ya karatasi yake na zitasikika sauti tofauti. Nasema "B flati ya kinanda", nao wanajua: klarineti C, alto G, horni F.

Na pale wimbo unapobadilika ufunguo katikati na klarineti ya A ikawa ndiyo nafuu, naandika "badili kwenda A" na kuacha baa (vipande vya mapigo) kadhaa za kimya. Mpulizaji anahitaji kuhamisha kipande hicho cha kupulizia na kupasha chombo joto kwa pumzi kabla ya kuingia, kwa sababu klarineti iliyopoa hushuka sauti.