Matambara ya cheni yanatakata, na petroli haihitajiki

Nimechoka kusikia kwamba tambara la kusafishia cheni ya pikipiki likishachafuka ni la kutupa, au kwamba dawa yake ni petroli. Ya kwangu nayatumia mpaka yanachanika. Ushauri unaozunguka vijiweni huku Mbagala siku moja utamuunguza mtu, ndiyo maana naandika.

Cheni naisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, na masika, tope likizidi, kazi hiyo haiishi. Tangu ushuru wa mafuta ya taa ulipopandishwa mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, bei yake imekuwa ya kuuma, kwa hiyo wengi wanaona heri wavute petroli kidogo kwenye tangi, wasafishie cheni, wafulie na matambara. Sikubaliani nao hata kidogo. Petroli inatoa mvuke hata kukiwa na baridi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Sisi wapangaji tunapikia uani, majiko ya mkaa yamepangana. Mafuta ya taa nayo yanawaka, ila mvuke wake haushiki moto kirahisi mpaka yapate joto la nyuzi 38 na kuendelea. Hata hivyo yakiwa kwenye kitambaa usiyaamini, maana tambara lililolowa ni utambi.

Fundi mmoja aliniambia niloweke matambara usiku kucha kwenye maji ya moto na sabuni ya unga nyingi. Nikafanya hivyo hivyo. Asubuhi maji yalikuwa meusi, nikafurahi, nikajua uchafu umetoka. Kuinua tambara la kwanza, linateleza mkononi kama kambale, na oili iko pale pale ndani ya nyuzi. Kilichotoka ni vumbi la juu tu. Utando wa grisi ulizunguka beseni lote, na kulisugua lile beseni kulinichosha kuliko kufua kwenyewe. Mama mwenye nyumba akaniona nahangaika.

"Mwanangu, tia jivu. Sisi masufuria tumeyasugulia jivu miaka yote."

"Ahsante mama, ngoja nijaribu."

Nikajaribu, tena kwa bidii. Jivu lina magadi, na magadi yakikutana na mafuta ya kupikia yanageuka kitu kama sabuni, ndiyo maana sufuria inatakata. Oili ya injini inatokana na mafuta ghafi ya ardhini, magadi hayaigeuzi chochote. Nilipata tambara la kijivu lenye oili na chengachenga.

Kilichonitoa ni kubadili mpangilio: sabuni kwanza, maji baadaye. Nakamua tambara juu ya kidumu, kisha nalianika nje kivulini, limetandazwa peke yake, mbali na majiko, mpaka harufu ya mafuta ya taa ipungue sana. Halafu likiwa bado kavu, bila tone la maji, nalimiminia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kulifikicha. Hapa usiwe na haraka. Utaona ule weusi unalainika, unakuwa uji wa kahawia, povu hakuna. Hapo ndipo naweka maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, na uji unageuka mweupe kama maziwa machafu. Maji yakitangulia, nyuzi zinashiba maji na sabuni haipati pa kuingilia. Sabuni yenyewe ni ya bei ya kawaida, ile ya kupimiwa dukani.

Fulana kuukuu za pamba ndizo zinazofaa. Zile za kuteleza za michezo hazinyonyi vizuri.

Yale mafuta ya taa ya kwenye kidumu simwagi. Yakilala usiku mmoja au miwili uchafu unazama chini, juu panabaki safi pa kutosha kusafishia cheni tena. Gharama yangu imepungua sana kwa hilo tu.

Maji ya kwanza, yale mazito, hayaendi mtaroni, kwa sababu mtaro wetu unapita bustanini kwa watu wanaolima mchicha. Nayamwaga kwenye ndoo ya maranda, yananyonywa. Maranda naomba kwa seremala, ila matambara yake siyachukui. Mafuta ya kitani wanayopakia samani yanaweza kujipasha yenyewe tambara likikunjwa na kurundikwa, mpaka likawaka bila kiberiti.

Tambara lililobaki na mchanga kwenye nyuzi haligusi rangi ya tangi langu, litaikwaruza. Hilo ni la sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, na stendi. Likichakaa kabisa nalitia kwenye kopo la bati lenye maji, nafunika, linasubiri gari la taka.