Nilivyowapata wasomaji wa riwaya yangu saluni na sokoni

Machi 2022 kirikuu kilishusha maboksi kumi mlangoni kwangu, Kihonda, Morogoro. Kila boksi lilikuwa na nakala 50 za riwaya yangu ya kwanza. Niliichapisha kwa fedha zangu mwenyewe, shilingi 4,200 kwa nakala, jumla milioni mbili na laki moja, na sehemu kubwa ilikuwa mgao wangu wa kikoba wa miaka miwili. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, nilishaichukua Bodi ya Huduma za Maktaba, kazi nimeisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, jalada linang'aa. Nikayapanga maboksi chini ya kitanda nikijua kwamba sehemu ngumu nimeimaliza.

Miezi sita baadaye maboksi saba yalikuwa bado hayajafunguliwa. Hapa nataka kueleza namna yale saba yalivyoisha, kwa sababu najua wapo wenzangu ambao yao yapo chini ya kitanda mpaka leo.

Nilianza kama nilivyoona wengine wakianza. Nikafanya uzinduzi: ukumbi, viti vya kukodi, mgeni rasmi, utepe mwekundu, pilau. Hotuba zilichukua zaidi ya saa mbili, na katika saa hizo hakuna aliyesimama akasoma hata ukurasa mmoja wa kitabu chenyewe. Hata mimi sikusoma. Zikanunuliwa nakala 31, nyingi na watu walionunua kwa kunistahi, na wengi wao hawajawahi kuniambia lolote kuhusu Zuhura, mwanamke niliyekaa naye kichwani miaka minne.

Kisha nikazunguka maduka ya vitabu. Kwa mwandishi asiye na jina wanachukua kwa mali kauli: unawaachia, wakiuza wanakata chao, wanakupa kilichobaki. Niliacha nakala 60 katika maduka matatu kwa makubaliano kwamba wao wakate asilimia 35. Nakala 27 nililipwa. Nakala 19 nilirudishiwa, baadhi majalada yamepauka kwa jua la dirishani. Nakala 14 duka moja halijanilipa hadi leo, na kila nikienda naambiwa mwenye duka amesafiri. Kosa langu ni kwamba sikuwa na karatasi yoyote yenye saini yao. Siku hizi, hata kwa nakala mbili, naandika idadi, bei na tarehe ya kurudi kuhesabu, tunasaini wote wawili.

Wanafunzi wangu sikuwauzia. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na mwanafunzi hana nafasi ya kumkatalia mwalimu wake. Nilishauriwa sana nifanye hivyo, na bado naona ni ushauri mbaya.

Kila mahali niliposimulia shida yangu niliambiwa neno lile lile: Watanzania hawasomi. Sikubali. Watu haohao wanafuatilia simulizi za kwenye simu hadi sehemu ya 60, na mwandishi akichelewa kutuma sehemu ya 61 anatafutwa usiku kama mdaiwa. Watu wanasoma. Kitabu ndicho hakikuwa kimewafikia mahali walipokaa.

Nililiona hilo Septemba, saluni, Mji Mpya. Nilikwenda kusuka rasta ndogondogo, kazi ya saa tano ukiwa na bahati. Mkobani nilikuwa na nakala moja niliyokuwa nikiipitia kwa kalamu nyekundu kutafuta makosa ya uchapaji. Dada aliyekuwa akinisuka akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia ni kitabu nilichokiandika mwenyewe. Akasema, "Wewe mwalimu? Hebu soma kwa sauti na sisi tusikie."

Sikuanzia mwanzo. Nilisoma pale Zuhura anapotoka Mgeta usiku juu ya fuso la mboga, amekaa juu ya viroba vya kabichi, mvua inanyesha na dereva anashuka ule mteremko kwa gia ya kwanza. Chini, kwenye siti ya mbele, amekaa mume wake, na pembeni yake mwanamke mwingine, na Zuhura anawasikia wakicheka. Nilipofika hapo mtu akasema, "Zima hilo draya." Likazimwa. Mikono ikasimama kichwani mwangu. Nikasoma mpaka Zuhura anapogonga paa la gari kwa ngumi akitaka lisimame, kisha koo likakauka, nikafunga kitabu niombe maji.

"Alisimamisha?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa anasubiri zamu.

"Dereva, ndiyo."

"Na mume akashuka?"

Nikamwambia kimo humu ndani. Akafungua pochi. Siku ile mle ndani tulikuwa watu tisa, na nakala nne ziliuzwa. Sikuwa na nakala za kutosha, nikamtuma kijana wa bodaboda nyumbani. Mmoja alilipa elfu tano kwanza, iliyobaki akaahidi mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi alinitumia kwenye simu bila kukumbushwa.

Nilirudi nyumbani kichwa kinauma kwa misuko na nikakaa kitandani nikifikiri. Ukumbini nilikuwa na spika, mgeni rasmi na utepe. Saluni nilikuwa na dakika kumi za Zuhura. Watu hawakuhitaji kuambiwa kwamba kitabu ni kizuri wala kwamba tuthamini vya kwetu. Walihitaji kumsikia yeye.

Basi nikaanza kazi hiyo kwa makusudi, kila Jumamosi. Nilichagua vipande vitatu tu vya kusoma, kila kimoja dakika saba hadi kumi, na nikavifanyia mazoezi nyumbani kwa sauti mpaka nikajua wapi pa kupumua. Kipande kizuri cha kusoma mbele ya watu ni kile chenye watu wawili wanaotaka vitu tofauti. Maelezo ya mandhari, hata yale niliyoyapenda sana, watu waliyasikiliza kwa adabu huku macho yakirudi kwenye simu. Na sharti ukatize kabla jambo halijaamuliwa.

Dada wa saluni ndiye aliyenipa wazo lililouza kuliko yote. Alisema, "Mwalimu, niachie kimoja hapa, wateja wasome wakisubiri." Nikakivisha jalada la nailoni kama daftari la shule, nikatoboa pembeni na kukifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, nikaandika kwa kalamu nene: KITABU HIKI HAKITOKI NJE. Mtu anasuka saa nne, anafika ukurasa wa 70 hivi, nywele zimekwisha na hadithi haijaisha. Anauliza kinauzwa wapi, na nakala mpya ziko palepale kwenye kabati la mafuta ya nywele. Kwa kila nakala iliyouzwa dada alipata 1,500, na nilimlipa kila Jumamosi, hata kama ni ya nakala moja. Kufikia Juni 2023 nilikuwa na vitabu vilivyofungwa kamba katika saluni 11 na kwa mafundi cherehani wawili. Kwenye vijiwe vya bodaboda nilijaribu pia, havikukaa. Vijana wanapokea abiria dakika yoyote, kitabu kinabaki juani.

Jambo la pili lilikuwa kuwajua hao walionunua. Kwenye kitabu nilikuwa nimechapisha anwani ya barua pepe, na kwa miezi sita sikupata hata barua moja. Nikachapa vibandiko vidogo, nikaketi usiku mbili tatu nikabandika ukurasa wa mwisho wa kila nakala iliyobaki. Kila kibandiko kiliandikwa namba ya simu ya laini niliyoinunua kwa kazi hiyo tu, na juu yake: Umemaliza? Niambie Zuhura alikukera wapi.

Nilifikiria sana neno hilo la kukera. Ukimwuliza mtu maoni yake, anakujibu "kitabu kizuri, hongera" na mazungumzo yameishia hapo. Ukimwuliza kimemkera wapi, anakaa chini anaandika. Niliandikiwa na mwanamke wa Ifakara ujumbe wa sauti wa dakika sita, amekasirika kwamba Zuhura alimsamehe mume upesi. Niliandikiwa na mwanamume akisema mume hakutendewa haki, na kwamba mwandishi angempa naye sura moja ya kujieleza. Hao wote niliwajibu, mmoja mmoja, kwa jina. Nilifungua daftari kubwa la mistari: jina, yuko wapi, kitabu alikipata wapi, alisema nini. Mtu anaponiandikia mara ya pili baada ya miezi mitano, nafungua daftari nione tuliishia wapi. Wengi walinunua nakala ya pili kumpelekea mtu waliyebishana naye.

Kwa upande wa WhatsApp, kuna kitu kidogo ambacho kilinipotezea muda. Nilikuwa nikituma ujumbe wa brodikasti na nashangaa kwa nini watu hawajibu. Kumbe ujumbe wa namna hiyo unamfikia tu yule aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Tangu nilipojua, kila anayenunua namwomba aihifadhi namba palepale mbele yangu. Grupu sikufungua. Nimekaa kwenye magrupu ya kutosha kujua kwamba baada ya wiki mbili yanajaa matangazo ya mikopo na ugomvi wa mpira. Badala yake niliweka aya moja ya kitabu kwenye stetasi kila jioni, saa tatu, watu wakiwa wamekwishakula. Aya moja tu. Ikipotea baada ya saa 24, imepotea, na aliyeikosa anaomba.

Kwenye stetasi ndiko aliponipata dada mmoja wa Tanga anayefanya kazi za ndani Muscat. Aliandika kwamba hana muda wa kusoma wala mahali pa kupokelea kifurushi, ila jikoni ana sikio moja huru. Nikamrekodia sura ya kwanza kwa sauti, nikiwa nimejifungia chumbani na khanga dirishani kupunguza kelele. Akaomba ya pili. Nilimrekodia kitabu kizima kwa muda wa wiki saba, akalipa bei ileile ya kitabu. Halafu akanunua nakala sita na kunielekeza nizipeleke kwao Tanga, kwa mama na dada zake, ili akipiga simu wawe na la kuzungumza zaidi ya fedha. Maneno hayo ni yake, nami niliyaandika kwenye daftari kama alivyoyasema.

Nakala za mikoani nazituma kwa basi kutoka Msamvu. Kwa anayeanza: funga kitabu kwenye nailoni kwanza ndipo bahasha, kwa sababu buti la basi huwa na ndoo za samaki na madumu ya mafuta. Andika namba ya simu ya mpokeaji pande zote mbili. Chukua risiti, ipige picha, mtumie mteja pamoja na namba ya basi na saa ya kuondoka. Nauli ya kifurushi mteja anailipa kabla. Nakala mbili tu zimenipotelea kwa njia hiyo, na zote mbili ni za mwanzo, kabla sijaanza kuandika namba pande mbili.

Lakini ujumbe ulionigusa kuliko wote ulikuwa mfupi. Binti mmoja aliandika: "Mama yangu anauza nyanya Soko la Chifu Kingalu. Nimemsomea kitabu chako. Anasema umedanganya."

Nilikwenda Jumapili asubuhi. Nilimkuta amekaa nyuma ya matenga yake, nikamwamkia shikamoo, nikajitambulisha. Akanitazama kwa muda.

"Wewe ndiye umeandika Zuhura anachuma nyanya nyekundu za kupeleka Dar?"

"Ndiyo, mama."

"Nyanya ya safari haichumwi nyekundu, mwanangu. Inachumwa ikianza kugeuka rangi. Ukichuma nyekundu Mgeta, ukafunga tenga, ukapakia kwenye fuso, Dar unafika na rojo." Akachukua nyanya moja, ya kijani yenye wekundu mdogo kitakoni, akaniwekea mkononi. "Hii. Bonyeza."

Nikabonyeza. Ilikuwa ngumu kama limau.

"Sasa Zuhura mimi nilikuwa namwamini," akasema. "Alipochuma nyekundu nikajua huyu hajawahi kulima."

Nilikaa naye mpaka saa sita. Alinieleza namna tenga linavyopangwa, nyasi zinazowekwa chini, jinsi dalali anavyopunguza bei kwa kutoboa nyanya moja kwa kucha. Aliniuliza kwa nini Zuhura hana rafiki hata mmoja sokoni, kitu ambacho hakuna msomaji mwingine aliyewahi kuniuliza, na sikuwa na jibu.

Maboksi saba yaliisha Novemba 2023. Toleo la pili, nakala 700, lilitoka mwaka 2024. Nimesahihisha ukurasa wa nyanya, na nimemwongezea Zuhura rafiki, mwanamke anayeuza karoti meza ya pili.

Nakala ya kwanza kutoka boksini niliipeleka sokoni. Mama hakuwa na miwani. Binti yake alichutama kando ya tenga akamsomea ukurasa ule polepole, huku yeye akiendelea kupanga mafungu, nyanya nne chini na moja juu. Wateja wawili walisimama wakasikiliza. Binti alipomaliza, mama hakusema kitu mpaka alipokamilisha fungu lililokuwa mkononi.

"Hapo sawa," akasema. "Niachie vitano. Hawa wa karoti nitawauzia mimi."