Boksi la Hita la Mustang ya 1967

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiendesha Ford Mustang yangu ya 1967 huku kioo cha mlangoni kikiwa kimeshushwa kidogo hata wakati wa baridi, kwa sababu kila nilipofunga vioo vyote, kioo cha mbele kilijaa ukungu wa mafuta ambao ukipitisha kitambaa hauondoki, unasambaa tu. Injini ikishapata moto, kulikuwa pia na harufu tamu iliyopanda kutoka chini ya dashibodi. Dalili hizi mbili zikija pamoja, maana yake ni kwamba rejeta ndogo iliyo ndani ya boksi la hita inavuja na kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, inageuka mvuke ndani ya gari.

Hata hivyo, sikuanza kufungua nati siku hiyohiyo. Mustang za miaka hiyo zinajulikana kwa ugonjwa mwingine unaofanana sana na huu: bati lililo chini ya kioo cha mbele, ambako hewa ya nje huingilia, hukusanya majani, majani hushika unyevu, bati huliwa na kutu, na maji ya mvua hudondoka juu ya boksi la hita hadi kwenye kapeti la abiria. Wapo waliobadilisha rejeta nzima kisha mvua ya kwanza ikawalowesha tena. Kwa hiyo niliminya kapeti na kusugua vidole: maji ya mvua hayaachi kitu, lakini kulanti huteleza na kunata. Vidole vyangu viliteleza. Kisha nilimwaga maji taratibu kwenye matundu ya hewa kwa dakika kadhaa huku nikimulika kwa tochi chini ya dashibodi, na kwa bahati njema hapakudondoka hata tone.

Kulitoa boksi si kazi ngumu, ila inadai subira. Kulanti ikingwe kwenye beseni na isiachwe wazi, kwani ni sumu na utamu wake huwavuta wanyama. Mipira miwili ya hita isizungushwe wala kuvutwa kwa nguvu. Mirija ya rejeta ni myembamba na hupinda upesi, hivyo ni heri kuupasua mpira kwa urefu na kununua mwingine. Nati zinazoshikilia boksi ziko upande wa injini, lakini boksi lenyewe linatokea ndani, chini ya dashibodi, pamoja na kebo zake. Nilipiga picha ya kila kebo kabla ya kuichomoa.

Nilipolifungua boksi mezani, ndipo nilipoielewa hita hii vizuri. Rejeta ilikuwa imeoza kwenye maungio, nalo hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni hali ya sponji. Milango ya ndani, ule unaoamua hewa ipite kwenye rejeta au pembeni yake, na ule unaoielekeza miguuni au kwenye kioo, ilikuwa imevikwa sponji ambayo sasa ilikuwa unga mweusi. Niligusa ukingo wa mlango mmoja kwa kidole na ukingo wote ukaporomoka kama mkaa. Katika hali hiyo, hata rejeta mpya ingepasha hewa ambayo nusu yake inavujia mahali pasipotakiwa. Naamini hapa ndipo wengi wanapokosea: wanatumia fedha kwenye rejeta na feni, kisha wanarudisha milango ileile isiyofunga, halafu wanasema hita za magari ya zamani ni dhaifu tangu kiwandani.

Boksi lenyewe, la plastiki yenye nyuzi, lilikuwa na ufa kwenye kona ya chini. Nilitoboa kitundu kidogo mwisho wa ufa ili usiendelee, nikakwangua kwa msasa upande wa ndani, nikabandika tabaka mbili za faibaglasi, na upande wa nje nikauacha na sura yake ya asili. Rejeta mpya niliijaza hewa ya psi 15 na kuizamisha majini kabla ya kuifunga, kwa kuwa sikutaka kulitoa boksi mara ya pili.

Sponji ilinichukua siku mbili, na sizijutii. Ikiwa nene mno, mlango haufiki mwisho na kebo hupinda. Ikiwa nyembamba, hewa inapita. Nilibandika vipande vya udongo laini wa kufinyanga kwenye ukingo, nikafunga mlango, nikaufungua tena na kupima unene uliobaki, kisha nikachagua sponji isiyonyonya maji iliyozidi kipimo hicho kidogo. Halafu nilizima taa, nikaweka tochi ndani ya boksi na kufunga milango. Mstari mwembamba wa mwanga ulionekana kwenye pembe moja. Nikabandua, nikabandika upya, hadi giza likawa kamili.

Rizista ya feni, yaani kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole, haikuhitaji kubadilishwa, ila niliisafisha vizuri, kwa sababu hukaa katikati ya njia ya hewa ili ipoe, na takataka zikiigandia huungua. Feni ikifanya kazi kwenye kasi ya juu pekee, anza kuikagua rizista, kwani kasi hiyo haipitii humo.

Mota mpya ya feni ndiyo iliyonichelewesha. Ilizunguka kimya kabisa, lakini hewa ilitoka kwa unyonge. Nilikagua milango, mifereji, hata fyuzi, kabla ya kugundua kwamba nilikuwa nimegeuza nyaya mbili, hivyo feni ilizunguka kinyume. Feni ya aina hii, hata ikizunguka kinyume, bado husukuma hewa kwa mwelekeo uleule, ila kidogo sana, na ndiyo maana kosa hilo hujificha. Niligeuza nyaya, nikakwangua rangi mahali waya wa eathi unapofungwa kwenye bodi ya gari, maana boksi la plastiki haliwezi kuurudisha umeme lenyewe, kisha nikawasha.

Nilijaza kulanti polepole, injini ikiunguruma na hita ikiwa kwenye joto la juu ili hewa iliyonaswa itoke, nikafunga vioo vyote na kusubiri. Kioo cha mbele kilianza kutakata kutoka chini, upande wa dereva kwanza, na gari halikunuka chochote.