Kiingilio Jero, Roketi Haikuruka

Nilikwenda Dar kununua vipuri vya mashine ya boti, na vipuri nikavipata Gerezani bila shida kubwa. Ninachotaka kusimulia ni kilichonikuta jioni ya Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, ndani ya kibanda umiza kimoja cha Kigamboni. Tangu nirudi Mafia sijaacha kukifikiria.

Safari yenyewe ilikuwa ile ile: boti kutoka Kilindoni mpaka Nyamisati, halafu basi hadi Mbagala, miguu imekunjwa juu ya mzigo wa mtu mwingine. Kilichoniuma ni gesti. Chumba ninacholala kila nikija kwa elfu ishirini, safari hii nikaambiwa elfu thelathini na tano. Maji ya bomba hayatoki, unaletewa ndoo, na feni inazunguka kwa kuvizia. Nikamuuliza dada wa mapokezi kulikoni. Akasema, "CHAN hiyo, baba. Jumamosi wanafungua pale kwa Mkapa, mji umejaa." Mimi na mpira wapi na wapi, lakini nikalipa, maana usiku ulikuwa umeshaingia na begi lina vyuma vya watu.

Mpwa wangu anasoma chuo, amepanga chumba Kigamboni. Mambo ya anga yamemkaa kichwani tangu mdogo. Alhamisi mchana akanipigia simu: "Shikamoo mjomba. Leo usilale mapema, vuka uje huku. Saa moja na dakika tisa usiku wanarusha watu."

Nikapanda pantoni. Njiani kuelekea kibandani akanieleza. Watu wenyewe ni wanne: Zena Cardman na Mike Fincke wa Marekani, Kimiya Yui wa Japani na Oleg Platonov wa Urusi. Wanakwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga ndani ya chombo cha Dragon, juu ya roketi ya Falcon 9, kutoka kituo cha kurushia roketi cha Kennedy kule Florida. Cardman ndiye kamanda. Mwaka 2024 alikuwa amepangiwa safari nyingine, akatolewa ili viti viwili viende vitupu na kuwarudisha Butch Wilmore na Suni Williams, ambao chombo walichopanda kilipata hitilafu. Nikamuonea huruma huyo mama kabla hata sijaiona sura yake. Kujiandaa safari miaka yote hiyo, halafu unaambiwa shuka.

Mwenye kibanda alikubali kuonyesha roketi kabla ya mpira, kiingilio jero kama kawaida. Mabenchi yalijaa, wengi walikuja kwa kusikia tu kwamba kuna kitu kinarushwa. Projekta ilimulika shuka jeupe lenye mshono katikati, na roketi ikasimama sawasawa juu ya ule mshono. Hapa kwetu Magharibi ilishasaliwa. Kule ulikuwa mchana mweupe.

Pembeni kulikuwa na saa inayohesabu kushuka. Dakika mbili. Dakika moja na nusu. Vijana wa mbele wakaanza kuhesabu kwa sauti, nami moyo unadunda kama nina ndugu mle ndani. Ilipofika dakika moja na sekunde saba, ikaganda.

Sote tukadhani ni mtandao. Mpwa wangu akakimbilia kompyuta. Lakini mvuke mweupe ubavuni mwa roketi ulikuwa bado unapepea. Picha ilikuwa hai. Saa ndiyo iliyosimamishwa. Akasikiliza kidogo, akageuka kwa watu: "Wameahirisha. Wingu."

Zogo likaanza. "Rudisha jero!" "Wingu gani, si jua linawaka hilo!" "Wangoje dakika tano lipite!" Mwenye kibanda akasema hela hairudi, kosa si lake. Mmoja akasimama juu ya benchi. Mpwa wangu akajitahidi kueleza kwamba kungoja haiwezekani. Kituo kinazunguka dunia, na roketi lazima iondoke dakika ile ile ambayo njia ya kituo inapita juu ya uwanja wake. Tena mafuta yake hupozwa sana na kujazwa dakika za mwisho, watu wakiwa tayari ndani, kwa hiyo hayawezi kukaa yakipata joto. Ikipita dakika hiyo, ni kesho. Hakuna aliyemsikiliza.

Aliyesikilizwa ni mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, nahodha wa mashua kwa miaka mingi huko Kimbiji. Alikuwa amekaa nyuma kimya. Akauliza, "Mle ndani mna watu?"

"Wanne, babu."

"Na wingu limefura?"

"Ndiyo, babu. Limerundikana kwenda juu."

"Basi wamefanya la kufanya. Wingu la hivyo mimi siliingii na mashua, seuze kwenda kulitoboa tumboni." Kisha akamgeukia mwenye kibanda: "Na wewe, aliyelipa leo kesho aingie bure. Si mchezo hujauonyesha?"

Mwenye kibanda akafikiri kidogo, akakubali. Kelele zikakatika pale pale. Yule wa juu ya benchi akashuka, akakaa, akauliza kesho ni saa ngapi.

Tulitoka na yule mzee tukaketi kwa mama muhogo, samaki wa kukaanga watatu elfu tisa, bei ya kuumiza kwa mji wenye soko la Feri. Mzee alitaka kujua wanalipimaje wingu. Mpwa wangu akafunguka. Wana kikosi maalumu cha hali ya hewa, wana maputo ya kupima upepo wa juu, wana vyombo vilivyotegwa ardhini kupima umeme uliomo hewani. Radi ikipiga ndani ya maili 10 za baharini, wanangoja nusu saa kwanza. Na wingu lililorundikana hadi kichwa chake kikafika kwenye baridi ya kugandisha hawalisogelei, hata kama halijapiga radi.

"Kwa nini, kama halijapiga?" nikauliza.

"Kwa sababu roketi ndiyo inayolipigisha, mjomba. Chuma kirefu namna ile, na mkia wa moto nyuma yake, umeme unapata njia."

Akatupa mifano. Apollo 12, safari ya watu kwenda mwezini, tarehe 14 Novemba 1969, iliondoka kwenye mvua ikapigwa mara mbili kabla dakika ya kwanza haijaisha. Taa za hatari zikawaka chombo kizima, na walinusurika kwa sababu kijana mmoja wa chumba cha kuongozea, John Aaron, alikijua kitufe cha kubonyeza. Machi 1987 roketi ya Atlas-Centaur, isiyo na watu, ikapigwa vivyo hivyo, ikaacha njia na kuangamizwa pamoja na setilaiti iliyoibeba. Sheria za sasa zina makovu ya siku hizo.

Lakini kilichomfanya mzee aache samaki ni bahari. Njia ya roketi ile inapanda sambamba na pwani ya Marekani kisha inavuka Atlantiki. Ikileta matatizo, chombo chenye watu kinajichomoa na kuangukia majini. Kwa hiyo kabla ya kurusha wanapima upepo na mawimbi kwenye njia yote hiyo, na pakichafuka mahali chombo kinapoweza kuangukia, roketi haiondoki, hata pale uwanjani pakiwa shwari kabisa. Mzee akasema, "Kumbe wanaanza kwa kuisoma bahari." Akauliza tena, akaelezwa tena.

Nilivuka kurudi gesti, usingizi haukuja. Nilikuwa nawaza kwetu. Kusi likivuma, mlango kati ya Nyamisati na Kilindoni si wa mzaha, na kila mwenyeji anajua. Mwaka jana nilikuwa kwenye boti ambayo nahodha alikataa kuondoka. Redio ilishatangaza upepo mkali na mawimbi makubwa. Abiria wakamjia juu: tumelipa nauli, tuna wagonjwa, tuna msiba. Mwenye boti akapiga simu. Nahodha akawasha mashine, hakumtazama mtu. Katikati ya mkondo maji yakaingia kwenye mashine, ikazima, nasi tukabaki tunapigwa ubavu huku nikifungua plagi kwa kuzipapasa gizani, na mama mmoja amenishika mkanda wa suruali asitupwe nje. Tulifika alfajiri. Hakuna aliyekufa, ndiyo maana hakuna aliyeuliza.

Siku zote nimewalaumu abiria kwa kelele zile. Usiku ule nikaona jambo jingine. Boti ikiahirishwa, abiria wa kwetu analala kwa hela yake, na kesho yake mara nyingi anadaiwa nauli upya. Ana haki ya kupiga kelele. Pale kibandani watu walinyamaza mara tu jero yao ilipokuwa salama.

Ijumaa tulirudi. Mpwa wangu alishatuambia muda utakuwa mapema zaidi, saa 12:43, kwa kuwa njia ya kituo husogea kila siku. Tuliswali Magharibi haraka tukawahi. Saa ikapita dakika moja na sekunde saba na kibanda kizima kikapiga yowe, kisha moto ukatoka. Ule mwanga ulilifanya shuka jeupe liwake hadi nyuso za watu wa mbele zikaonekana moja moja. Mzee wa Kimbiji alisimama muda wote mpaka wale wanne wakafika juu salama, ndipo akaketi.

Jumamosi asubuhi, nikiwa basini nimebanwa na debe la mafuta ya kula, ukaingia ujumbe wa mpwa wangu: wameshafika kituoni, chini ya saa 15 tangu waondoke. Mimi nilifika Nyamisati mchana, kusi linainamisha mikoko, nahodha anasema hatuondoki. Nikamuuliza karani wa tiketi kama yangu itatumika kesho. Akasema hapana. Nikamwambia aandike kwenye tiketi kwamba bahari ikichafuka nauli ya leo ni ya kesho, na siku hiyo hiyo ataona abiria wanavyomwacha nahodha aamue. Akasema atamuuliza mwenye boti. Nimemwachia namba yangu, na nikivuka tena kwenda Dar nitamuuliza alijibiwa nini.