Ngozi ya miaka hamsini na kuendelea: vitambaa na rangi ninazozipigia debe

Kuna kitu kinaniuma sana kwenye shughuli zetu hapa Dar. Mwanamke akishagonga hamsini watu wanaanza kumchagulia rangi, ugoro, kijivu, kahawia iliyofifia, ati ndo rangi za watu wazima, na yeye mwenyewe anakubali, anakaa pale ukumbini uso umepauka na macho yamezama wakati hana ugonjwa wowote, ni gauni tu. Mi nasema hapana. Ngozi yetu ikishakomaa inataka rangi iliyoshiba kuliko hata tulivyokuwa wasichana, na kabla ya rangi inataka kitambaa kinachopumua.

Tuanze na ngozi yenyewe. Mwanamke akikoma hedhi homoni ya estrojeni inashuka na ngozi inapoteza kolajeni haraka, ile protini inayoishikilia ngozi, madaktari wa ngozi wanataja kama asilimia 30 ndani ya miaka 5 ya mwanzo, mafuta nayo yanapungua, ngozi inakuwa nyembamba na kavu, sa unaanza kuwashwa na vitu ambavyo zamani hukuvisikia kabisa, lebo ya shingoni, mshono wa kwapani, leisi. Sisi weusi mikunjo inachelewa, tumshukuru Mungu, ila tuna mambo yetu mengine, weusi kuzunguka macho na mdomo, madoa mashavuni, vile vinundu vidogo vyeusi, yaani uso unakuwa na rangi mbili tatu. Halafu ongeza yale majoto, umekaa zako kwenye daladala, moto unapanda kutoka kifuani mpaka utosini, jasho chapa, na ni Januari.

Kwenye hali hiyo polista haifai mwilini, hata iwe nzuri vipi. Uzi wa pamba ukikaa tu hewani unabeba unyevu karibu asilimia 8 ya uzito wake, polista haifiki hata asilimia 1, ndo maana jasho linabaki mgongoni na nguo inakuganda, unawashwa, unajikuna, na ngozi yetu ikikunwa inaacha alama nyeusi inayokaa miezi. Vaa pamba. Vaa kitani, kinakunjamana kweli lakini kiache kikunjamane, ndo tabia yake, na ukipita mitumba ya Ilala au Karume asubuhi unakipata kizuri tu. Viskosi nayo, wengine wanaiita reyoni, inatokana na miti na inapumua, tena inaanguka vizuri mwilini bila kusimama simama, kwa mtu mwenye tumbo na nyonga za kuzaa naipenda kuliko pamba ngumu. Hariri kama unaiweza, ila mafuta ya nazi ya mwilini yanaiachia madoa, kwa hiyo paka mapema ukae kwanza ndo uvae.

Shida ni kujua unachouziwa. Ukiingia mtaa wa Uhuru au ndani ndani Kariakoo kila kitenge ni "waksi, pamba tupu mama", na unakishika ni kizito kumbe ni wanga tu, ukifua mara moja kinalegea. Angalia upande wa nyuma, waksi yenyewe rangi inakolea pande zote mbili, ile ya kuchapwa upande mmoja nyuma imefifia. Halafu omba nyuzi chache za pembeni, kaziunguze mahali salama kwa kiberiti kabla hujanunua yadi zote 6. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, majivu laini ukiyagusa yanasambaratika. Polista inajikunja, inayeyuka, inakuachia kidonge kigumu cheusi. Ukiona vyote viwili ujue imechanganywa. Muuzaji wa kweli hanuni ukimuomba hivyo.

Sasa rangi. Kitambaa kilicho karibu na uso kinautupia uso rangi yake, hasa chini ya kidevu na chini ya macho, kwa hiyo gauni lote linaweza kuwa la rangi yoyote, vita iko kuanzia kifuani kwenda juu. Kitambaa kikifanana sana na ngozi yako jicho la mtu halioni tofauti ya uso na nguo, linahamia kwenye madoa na vivuli. Ndo maana ugoro na ile rangi ya beji, kahawia hafifu iliyochoka, zinatumaliza. Na ndo maana bibi zetu wa Unguja kwenye khanga zao za kisutu, nyekundu na nyeusi na nyeupe, wana miaka sabini na uso unawaka.

Mweusi tii namshauri zambarau, bluu ya kukolea, njano ya bizari, na nyeupe, nyeupe kabisa haimtishi. Maji ya kunde mpe damu ya mzee, kijani cha chupa, rangi ya tofali, na badala ya nyeupe kali avae ya maziwa. Aliye mweupe zaidi bluu na kijani vinamtoa vizuri, na pichi iwe imekolea, zile za kufifia zinammeza. Mvi nazo zinabadilisha hesabu, mtu aliyeachia mvi zake zote kichwani anapendeza mno na bluu na pinki kali, na mwenye kupaka hina kichwani arudi kwenye damu ya mzee na kijani. Kile kipimo cha kujua rangi zinazokufaa kwa kuangalia mishipa ya mkononi ni ya kijani au ya bluu mi sikiamini kwa ngozi zetu, wengi wetu mishipa haionekani vya kutosha. Fanya hivi, toa khanga zako zote kabatini, asubuhi, uso umenawa tu bila poda, kaa dirishani na kioo, jiwekee moja moja kidevuni. Utaona kabisa ipi inakuinua na ipi inakuzeesha. Usitumie picha ya simu, simu inajirekebishia rangi yenyewe. Na dukani toka nje na kitambaa, zile taa nyeupe za Kariakoo zinadanganya.

Jambo linalowasumbua wengi ni sare. Kamati imeshakaa imeamua krimu na kahawia, wewe ni shangazi wa bibi harusi, huwezi kukataa. Usikatae, ila usikubali na kitambaa chao kama ni satini ya kung'aa, omba rangi hiyohiyo kwenye krepu isiyong'aa au pamba, satini inarudisha mwanga kila inapokunjika na inaonyesha kila kitu. Mwambie fundi akate shingo ya V kidogo, aweke mkanda wa rangi yako shingoni, au tupia mtandio wa rangi yako mabegani, kamati haitalalamika na picha zitatoka vizuri. Wa mabaibui na abaya vilevile, nyeusi tupu chini ya kidevu inaongeza vivuli, basi ushungi uwe wa rangi, zambarau, kijani, pinki iliyoiva. Na kile kitambaa cha abaya kinachoitwa nida, wanachokisifia kwamba hakikunjiki, ni polista, kwa hiyo ndani vaa dera au shimizi ya pamba.

Leisi mi siikatazi, naipenda, ila bitana ndo kila kitu. Mafundi wengi wanaweka bitana ya satini kwa sababu inateleza na ni rahisi, we nunua mwenyewe popolini ya pamba umpelekee, mwambie ifike mpaka kwapani na shingoni, asiishie kifuani, na mishono ya ndani aifunge isikwaruze. Nguo ikitoka kwa fundi ifue kwanza kabla ya kuvaa, suuza mpaka maji yawe meupe maana sabuni ikibaki inawasha, halafu igeuze ndani nje uianike kivulini, rangi zilizokolea jua la saa saba linazipausha haraka sana.