Kukaa Mezani na Mhadhiri: Uzoefu Wangu wa Kuandaa Kozi za Mtandaoni Mbeya

Ninafanya kazi katika kitengo kinachowasaidia wahadhiri wa chuo kikuu kimoja jijini Mbeya kuandaa na kufundisha kozi kwa njia ya mtandao. Kabla ya mwaka 2020 ni wachache waliokuwa wakibisha hodi kwetu. Vyuo vilipofungwa Machi mwaka huo kwa sababu ya UVIKO-19, na hata baada ya kufunguliwa tena Juni 1, wengi walianza kuja, na njia tuliyoirithi ya kuwahudumia ilikuwa warsha: wahadhiri wanakusanywa ukumbini, wanaoneshwa vitufe vya Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, kimoja baada ya kingine, wanakunywa chai, wanapewa vyeti. Mfumo wenyewe haukuwa tatizo. Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa rasmi mwaka 2002, ni programu huria isiyolipiwa leseni, na mtu anayeweza kutuma barua pepe yenye kiambatisho hashindwi kuitumia. Tatizo ni kwamba warsha ilimfundisha mhadhiri mahali pa kubofya bila kuligusa somo lake, hivyo akirudi ofisini alipakia slaidi za muhula mzima kwa mkupuo, na kozi ikabaki kuwa kabati la mafaili linalofunguliwa wiki ya mtihani tu.

Niliacha kutegemea warsha, nikaanza kuomba nafasi ya kukaa na mhadhiri mmojammoja ofisini kwake, silabasi yake ikiwa mezani na kompyuta ikiwa imefungwa. Swali langu la kwanza huwa ni lilelile: wiki ya tatu, mwanafunzi wako atafanya nini? Wengi hunijibu kwa kutaja mada, yaani watakachokisema wao, na hapo ndipo hesabu ya kredi hunisaidia. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kredi moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikijumuisha mihadhara, kujisomea, mazoezi na mitihani. Kozi ya kredi 12 ina saa 120, na tukizigawa kwa wiki 15 tunapata saa 8 kwa wiki. Slaidi ishirini husomwa kwa nusu saa. Ninamwachia mhadhiri kalamu aandike saa saba na nusu zilizobaki zitatumikaje, na kwa maoni yangu karatasi hiyo ndiyo kozi yenyewe. Kuihamishia kwenye mfumo ni kazi ya mikono ambayo hata mimi ninaweza kumfanyia.

Aliyenifundisha zaidi ni mhadhiri wa sayansi ya udongo, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba, kijana wangu," kisha akaniambia bila kuzunguka kwamba udongo haufundishwi kwenye skrini, udongo unashikwa. Sikubishana naye, kwa sababu alisema kweli. Nilimwomba tu anieleze anavyoliendesha zoezi la kutambua aina ya udongo kwa mkono. Mwanafunzi huchukua udongo wa kujaa kiganja, huulowesha na kuukanda, kisha huusukuma kati ya kidole gumba na kidole cha shahada hadi utoke utepe. Udongo wa kichanga hautoi utepe wa maana. Utepe unaokatika kabla ya sentimita 2.5 huashiria udongo tifutifu. Wa kati ya sentimita 2.5 na 5 ni tifutifu wenye mfinyanzi. Unaozidi hapo ni mfinyanzi. Nilimuuliza wanafunzi wake wa mtandaoni wanaishi wapi. Wengi wao ni watumishi wanaosoma wakiwa kazini, na akawataja wa Rungwe, Mbarali, Makete na Chunya. Kabla sijaongeza neno alikwisha kuliona jambo lenyewe: shamba la chuo lina udongo wake mmoja, ilhali wanafunzi hawa kwa pamoja wamesimama juu ya udongo wa aina nyingi.

Zoezi likawa hivi: kila mmoja achimbe anapoishi hadi kina cha sentimita 30, atengeneze utepe, aupige picha kando ya rula, aandike kinacholimwa mahali hapo, kisha alinganishe matokeo yake na ya wenzake wawili wa wilaya nyingine. Mhadhiri aliongeza swali ambalo mimi nisingeweza kulitunga. Udongo wa volkano, kama ule wa Rungwe, huteleza vidoleni kwa namna inayoweza kumdanganya mpimaji kuhusu kiasi cha mfinyanzi kilichomo, na aliwataka wanafunzi waeleze kwa nini mkono wa mtu wa Tukuyu, huko Rungwe, na wa mtu anayelima mpunga uwanda wa Usangu, huko Mbarali, hauwezi kuaminiwa kwa kipimo kilekile. Mjadala huo ulikwenda mbali kuliko slaidi yoyote aliyokuwa nayo.

Kuhusu video nina msimamo ambao si wote wanaoupenda. Philip Guo na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu utazamaji wa video za kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, mara milioni 6.9, walikuta kwamba muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika 6, video iwe ndefu kiasi gani. Kwetu kuna pia suala la bando. Rekodi ya sauti ya dakika 10 iliyobanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde ina megabaiti 2.4 tu, video ya muda huohuo, hata kwa kilobiti 500 kwa sekunde, hufika megabaiti 37.5. Kwa hiyo ninashauri sauti fupi pamoja na kurasa chache za maandishi, na video ibaki kwa kitu kinachotakiwa kuonwa, kama vidole vinavyosukuma utepe. Programu ya simu ya Moodle humruhusu mwanafunzi kupakua vitu hivi akiwa mahali penye mtandao na kuvisoma baadaye nje ya mtandao, na jaribio nalo linaweza kufanywa hivyo endapo mhadhiri ameiruhusu hali hiyo kwenye mipangilio. Ni mpangilio mmoja tu wa kubadilisha, nao husahaulika mno. Msimu wa mvua, umeme unapokatika jioni ya siku ya kukusanya kazi, ndipo watu huukumbuka.

Kozi ikishaanza, msaada hubadilika sura. Wapo wahadhiri wanaokaa kimya hadi wanafunzi wanalikimbia jukwaa la majadiliano, na wapo wanaojibu kila ujumbe hadi usiku wa manane na kuchoka kabla ya nusu muhula. Ninawashauri wote waweke siku mbili za wiki zinazojulikana, na waandike mrejesho mmoja kwa darasa zima unaowataja kwa majina waliotoa hoja nzito.

Kinachobaki kuwa kigumu ni muda wa mhadhiri mwenyewe. Kuandaa wiki moja ya kozi kwa namna hii kunadai saa nyingi, na hesabu ya mzigo wa kazi wa idara mara nyingi huhesabu saa za darasani tu. Siku hizi, kabla ya kukubali kozi mpya, ninakwenda kwanza kwa mkuu wa idara kuomba mhadhiri apunguziwe somo moja katika muhula wa maandalizi. Akikubali, tunaandaa kozi nzima; akikataa, tunaandaa wiki tano za mwanzo, na zilizobaki zinaendelea darasani hadi muhula unaofuata.